Moto Ukija, Nani Ataezuliwa Paa?

Nimeomba nafasi hii niseme machache juu ya makuti yaliyo juu ya vichwa vyetu.

Sote twaijua habari ya Faza. Mwaka 2009 moto uliingia katika mji ule wa kisiwa cha Pate ukateketeza mamia ya nyumba, watu wakabaki na nguo walizovaa. Sasa jamani, Faza na Matondoni tofauti yake ni nini? Hapa kwetu paa zinakaribia kugusana, ndani mna mikeka ya mama zetu, na ufuoni penye majahazi kumejaa mbao na maranda. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wao walisifu ushirikiano. Mimi nikipita vichochoroni naona kinga tu.

Wako wasemao dawa ni mabati. Sawa, lakini mabati yataka pesa, na mchana wa kaskazi ukikaa chini yake utadhani umo ndani ya sufuria. Wenye uwezo na watie. Sisi wengine je?

Linalonitia hofu zaidi ni hili. Moto wa makuti hauzimwi kwa ndoo peke yake. Hukatiwa njia, yaani nyumba ya jirani ambayo haijashika huezuliwa upesi. Nani atatoa amri hiyo? Mwenye nyumba atakubali vijana washushe paa lake, naye hajaona hata cheche? Mambo haya hayaamuliki usiku watu wakipiga mayowe. Chifu, imamu, wazee wa mitaa, muuguzi wa zahanati, mafundi wa majahazi na watu wa Msalaba Mwekundu wayakate mapema, wakiwa barazani na kahawa yao. Na kaunti iahidi kwa maandishi kwamba aliyeezuliwa ataezekewa.

Mafundi nimewataja makusudi, kwa kuwa mashoka na kamba ni vyao. Msikiti una kipaza sauti. Wenye mashua ndio watakaopeleka majeruhi Lamu mjini. Zimamoto ya gari tusiitazamie. Njia zetu ni za punda.

Kuambiana mapema kuna faida. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 iliua watu karibu 300 huko Somalia, jirani zetu. Kenya aliripotiwa kufa mmoja. Umbali ulitusaidia, ndiyo, lakini pia habari zilitangulia na polisi wakawaondoa watu ufuoni Mombasa.

Mtauliza, wanafunzi tuna kazi gani? Sisi ni wa shule ya kutwa, bwana! Magharibi meko yakiwashwa tuko nyumbani. Tuhesabu visima vyenye maji, tujue vikongwe wanalala wapi. Chama chetu nacho kimwandikie Chifu barua ya kuomba kikao hicho. Mimi niko tayari kuiandika.

Nyumba yetu ni ya makuti, iko katikati ya mtaa. Nimemwuliza baba kama ataruhusu iezuliwe. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Na waezue. Lakini makuti mapya wanipe kabla ya mvua."