Taa ya kichwani: lumeni elfu tisini za nani?



Mama mmoja auzaye mahamri ametuletea suala ambalo twaona lina faida kwa nyumba nyingi za hapa Pwani. Yeye huamka saa tisa za usiku kuchoma mahamri, ili yawe tayari watu watokapo msikitini alfajiri. Umeme ukikatika, hushika simu kwa mkono mmoja na kijiko cha matundu kwa mkono wa pili, juu ya karai la mafuta yanayochemka. Mumewe naye ni mvuvi. Siku za bamvua hushuka mwambani maji yakupwapo usiku, akarudi kabla mkewe hajaamka. Fedha waliyoweka ni ya taa moja tu ya kichwani, itumiwe na wote wawili. Dukani ameona mbili. Moja ni ya bei ndogo, na kasha lake limeandikwa lumeni 90,000. Nyengine bei yake ni mara nne, ilhali imeandikwa lumeni 300 tu. Auliza: je, anunuaye hiyo ya pili si atupa pesa?

Tuanze na hiyo 90,000, kwani ndiyo iliyomtia mashaka. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote utokao katika taa. Mshumaa hutoa kama lumeni 12, na ile balbu ya zamani ya wati 60 hutoa 800 hivi. Basi lumeni 90,000 ni balbu zaidi ya 100 za namna hiyo zilizofungwa kwenye paji la uso la mtu mmoja. Taa kama hiyo ingechoma nywele kabla ya kuchoma mahamri. Nambari ile haikupimwa mahali popote, ilichapishwa tu.

Kasha la pili lina alama ya FL1. Huu ni utaratibu wa kupima kurunzi na taa za kichwani uliotolewa Marekani mwaka 2009, na watengenezaji wengi waaminifu huufuata. Lakini hata nambari za kweli zahitaji msomaji aelewe maana yake. Likiandikwa neno mita 100, maana yake ni kwamba mwanga ufikao umbali huo ni sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu usiku usio na mawingu. Mbalamwezi sisi twaijua: utamwona punda njiani, lakini hutatunga uzi katika tundu la sindano. Na yakiandikwa masaa, huo ni muda tangu taa kuwashwa hadi mwanga kushuka ukabaki sehemu moja kwa kumi. Taa ya lumeni 300 huhesabiwa kuwa bado yawaka hata ikiwa imebakiwa na 30. Aghalabu pia yale masaa mengi ya kupendeza, 40 au 60, ni ya kiwango cha chini kabisa cha mwanga, na wala si cha juu.

Kwa hisani ya mwenye duka tuliazimwa taa zote mbili kwa siku chache. Ile ya bei ndogo iliwaka kwa fahari dakika za mwanzo. Ilipotimia saa moja tayari ilikuwa imefifia, na kabla ya saa tatu ikawa haifai hata kutafutia ufunguo. Ya pili, tukiiwasha kwa kiwango cha kati, ilidumu usiku kucha pasi na kubadilika, kisha ikashuka ghafula. Hiyo ghafula nayo ina hatari yake kwa mtu aliye mwambani, basi tulifurahi kuona kijitaa chekundu ubavuni kinachoonya kwamba betri inakaribia kwisha.

Siri imo ndani ya betri. Taa zote mbili zatumia betri ya lithiamu ya aina iitwayo 18650, yaani upana milimita 18 na urefu milimita 65. Betri ya umbo hilo, hata iwe bora namna gani, huchukua kama mAh 3500 na haizidi hapo kwa kiasi cha kutajika. Ile ya taa ya bei ndogo imeandikwa 9900. Akina mama wanaooka keki wana mizani ndogo ya jikoni: iwekeni betri juu yake. Ya kweli huwa na uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo. Hii yetu ilikuwa gramu 28. Ganda lilikuwa la ukubwa ule ule, ila ndani mlikuwa na upungufu. Qur'ani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjao vipimo, na twaona aandikaye 9900 juu ya kitu kisichofika hata nusu yake hajatoka nje ya jina hilo. Mwenye duka hatumlaumu, kwani yeye hununua kwa dazeni kama aletewavyo. Lakini sasa amekwisha kuona mizani, na hawezi tena kusema hakujua.

Hebu sasa tupige hesabu ya nyumba ile. Mume ahitaji kama lumeni 100 kwa saa nne. Mke ahitaji 40 kwa saa tatu. Kwa pamoja ni 400 na 120, yaani 520. Taa nzuri za siku hizi hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja. Betri ya kweli ya mAh 3000 hubeba kama wati 11 za saa moja, basi hata tukitoa zinazopotea njiani, usiku wote wa watu wawili watoka na akiba yabaki. Betri tatu ndogo za AAA za kawaida, ambazo taa nyingi hutumia, hubeba kama wati 4 tu. Mume angerudi nazo zimekwisha, na mke angerudi kwenye simu yake. Hesabu hii ndiyo iliyotuamulia, kuliko uzuri wa kasha.

Jikoni, faida kubwa ya taa hii si ukali wa mwanga. Taa ya ukutani hukaa nyuma ya mpishi, na kivuli chake huangukia karaini pale pale anapotaka kuona. Taa ya kichwani hufuata macho, na mikono yote miwili huwa huru. Kwa karibu hivyo mwanga mkali ni adha: ukipunguza umbali kwa nusu, mwanga huongezeka mara nne. Dada zetu washonao kofia za vito walijua hili zamani, kwamba kitambaa cheupe chini ya taa kali huumiza macho wala tundu halionekani. Tafuteni taa yenye mwanga mpana na hafifu, pamoja na ule mwembamba wa mbali. Hii ya lumeni 300 inayo yote mawili. Mvuke wa mafuta huganda kwenye kioo chake, basi kifutwe kila asubuhi.

Kwa mvuvi kuna jambo la maji. Alama ya IPX4 maana yake ni kustahimili marasharasha tu. IPX7 ni kuzama mita moja kwa nusu saa. Usiku wa bamvua ya mwezi mwandamo, kunapokuwa giza totoro na mwamba unateleza, taa huanguka majini, na hapo IPX4 haitoshi. Hii ina IPX7. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi, na chumvi yetu haina huruma, basi isuuzwe kila irudipo. Mwanga wake mwekundu pia wamfaa: macho huchukua hadi nusu saa kuzoea giza, na mwanga mweupe huyaharibia mazoea hayo mara moja, ilhali mwekundu huyasitiri. Kasoro yake tuliyoiona ni kwamba ili kuufikia mwekundu hapana budi kupitia kwanza mweupe wa kishindo. Mtengenezaji angefikiri kidogo zaidi. Kifuniko cha mpira cha mahali pa kuchajia nacho ni chepesi mno. Kikipotea, ile IPX7 imekwenda nacho.

Tulimjibu mama yetu kwamba anunue ya pili, na kama fedha haijatosha, asubiri mwezi mmoja kuliko kununua ya kwanza. Aichaji mchana mbele ya macho yake, isiwe chini ya mto wala juu ya godoro. Na mumewe akikutana na watu kichochoroni, aiinamishe, kwani taa hii humpiga machoni kila umsemeshaye.

Limebaki moja, na hili ni kwa wenye watoto wadogo. Zipo taa za kichwani nyepesi mno zinazotumia vibetri vya duara, bapa kama sarafu. Hizo tunaziogopa. Mtoto akimeza kibetri cha lithiamu kikakwama kooni, kinaweza kuunguza nyama za ndani vibaya katika muda wa saa mbili, hata kama hakilii kwenye meno na mtoto hakuonesha maumivu. Asitapishwe, wala asingojewe hadi asubuhi; apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na mwenye kumpeleka achukue taa yenyewe au pakiti ya vibetri ili daktari ajue ni aina gani.