Vijana na Vitabu: Nyumba Isiyo na Sitara

Wazazi wengi hutaka kujua ni riwaya zipi za Kiingereza zifaazo kusomwa na vijana wao wa sekondari. Mwezi huu twawaelekeza kwenye Nineteen Eighty-Four, kitabu alichokitunga Mwingereza George Orwell, kikapigwa chapa London mwaka 1949. Mwandishi huyu ndiye mwenye kile kisa kijulikanacho kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama. Alizaliwa Bara Hindi mwaka 1903, akawa polisi wa Kiingereza huko Burma tangu 1922 mpaka 1927, na kazi hiyo ikamfanya auchukie utawala wa mabavu.

Kisa chenyewe ni cha nchi ambayo mtawala wake, aitwaye Kaka Mkubwa, picha yake imebandikwa kila mahali. Katika nyumba za wanachama wa chama chake mna kioo ukutani kionacho na kusikia, wala mwanachama wa kawaida hana uwezo wa kukizima. Winston Smith ni karani katika Wizara ya Ukweli, na kazi yake ni kuyageuza magazeti ya zamani ili maneno ya wakubwa yasidhihirike kuwa ni uwongo.

Lakini lililotutia uchungu zaidi ni khabari ya jirani yake, Parsons. Watoto wake wamefunzwa kwamba kupeleleza ndiyo adabu njema. Binti yake wa miaka 7 akatega sikio kwenye tundu la ufunguo, akamsikia baba yake akimlaani mtawala hali amelala usingizi, akaenda kumshitaki. Na baba yule, naye yumo kifungoni, ajifakhiri kuwa amelea mtoto mwema! Dhulma haitimii mpaka mzazi amwogope mtoto aliyemzaa.

Sisi Waislamu tumekwisha kuonywa. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, yakataza kwa pamoja dhana mbaya, upelelezi na kusengenyana. Na Sura ya An-Nur, aya ya 27, yatuamrisha kutaka ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu.

Kijana aweza kuuliza: Je, na sisi hatutazamwi, na Malaika huandika matendo yetu? Naam, lakini tazama tofauti. Mwenyezi Mungu ayajua ya siri, naye husitiri na kupokea toba. Kaka Mkubwa hutafuta aibu ya mtu ili amvunje.

Tena kioo cha Orwell kilitundikwa kwa amri. Simu za leo twazinunua wenyewe. Kijana ampigaye picha mwenziwe katika aibu yake, kisha akaitawanya, ameifanya kazi ya binti wa Parsons pasipo kuamrishwa na mtu.

Wazazi wajue ya kuwa kitabu kina khabari za mapenzi nje ya ndoa, na mwishoni mna mateso makali. Hivyo twaona kinawafaa waliotimia miaka 16, na yafaa mzazi akisome kwanza, kisha wakizungumze pamoja.

Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu, na awajaalie vijana wetu wawe sitara ya wazazi wao na wenzao. Amin.