Ukidaiwa Wanashika Chako, Ukidai Huna cha Kushika

Wakenya wenzetu, hebu tuulizane: kuna kitu gani cha maana tulicho nacho ambacho hakijawahi kushikiliwa na mtu mwingine? Kitambulisho kiko kwa bawabu. Chenji iko kwa makanga. Dipoziti ya nyumba iko kwa mwenye ploti, na siku ya kuhama ataikumbuka rangi ya ukuta ambayo hakuipaka tangu ulipoingia. Cheti cha mtoto kiko kabatini kwa mwalimu mkuu. Aliyeandamwa na mkosi kuliko wote, maiti ya mpendwa wake iko mochari ikisubiri bili.

Ya kwenye matatu tumeyazoea hadi tunayacheka. Nauli ni hamsini, umetoa mia. Makanga anaikunja noti kwa urefu, anaichomeka kati ya vidole na kukwambia, "Chenji utapata mbele, mzee." Mbele hiyo ni wapi, haijulikani. Mkishafika mwisho wa safari anakuunganisha na abiria usiyemjua: "Wewe na huyu mama, hiyo mia ni yenu, mtagawana." Gari hilo limeondoka. Mama ana haraka, nawe una haraka, na mwenye kibanda havunji noti mpaka mnunue kitu. Mnanunua peremende ambazo hakuna aliyezitaka. Siku hizi wengi wetu tunalipa kwa simu, lakini mtandao nao una siku zake, na makanga ana siku ambazo hataki kusikia habari za simu.

Kitambulisho ni jambo zito zaidi. Ukienda jengo lolote mjini kumwona wakili au kuulizia kazi, bawabu anakuambia ukiache. Anakitumbukiza ndani ya kisanduku pamoja na vya watu wengine arobaini, nawe anakupa kadi ya plastiki yenye nambari iliyofutika nusu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, tukaambiwa habari zetu ni mali yetu. Sasa mbona jina, nambari na picha zetu zinalala kwenye kisanduku kisichokuwa hata na kifuniko? Kikipotea, bawabu anainua mabega. Wewe ndiwe utakayekwenda kituo cha polisi kutafuta nambari ya OB, kisha ulipe Sh1,000 za kupata kingine na kusubiri. Tukubali kwamba usalama unahitajika, hasa katika mji kama Nairobi uliowahi kulipuliwa bomu. Lakini kuandika jina kitabuni kulikuwa na kasoro gani?

Tunapofika kwenye vyeti, kicheko kinakwisha.

Kijana amemaliza kidato cha nne. Ameacha salio la karo, tuseme elfu thelathini. Matokeo ya KCSE anayajua, maana yalikuja kwa simu, lakini karatasi yenyewe hapewi. Anasikia polisi wanaandikisha makurutu: waje na vyeti halisi. Anasikia chuo kinasajili: lete cheti halisi. Hata kibarua cha kuuza dukani, mwenye duka anataka akione. Anarudi shuleni, karani anafungua daftari kubwa, anapitisha kidole hadi kwenye jina lake na kumwambia, "Maliza karo kwanza." Atamaliza na nini? Cheti ndicho kingempatia kazi, kazi ndiyo ingempatia hela, na hela ndizo zingekitoa cheti. Tunao vijana mtaani waliomaliza shule zamani, sasa wana watoto wao, na cheti bado kimelala kwenye bahasha ya kaki shuleni.

Haya yote yanatendeka ilhali sheria imesema waziwazi. Sheria ya Baraza la Mitihani la Kenya ya 2012 inasema cheti anachotunukiwa mtahiniwa kisizuiliwe na mtu yeyote wala taasisi yoyote. Mawaziri wa elimu wameagiza mara kadhaa vyeti vitolewe. Wanaagiza mbele ya kamera, walimu wakuu wanaitikia, na kabati linabaki limefungwa.

Tuwatendee haki walimu wakuu: nao wanabanwa. Serikali iliahidi Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na pesa hizo huja kwa vipande na kwa kuchelewa, wakati aliyeleta maharagwe na kuni anapiga hodi kila Jumatatu. Tunalielewa hilo. Tusichokielewa ni kwa nini anayedaiwa na mwenye kuni anamshikia cheti mtoto wa mama mboga, badala ya kwenda kupiga kelele kwa aliyechelewesha pesa. Au labda tunaelewa. Wizara haina cheti katika kabati la mwalimu mkuu.

Hospitali ndizo zimetuumiza zaidi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani baada ya kujifungua, kwa sababu hawakuwa na pesa za bili. Jaji Mumbi Ngugi alisema haki zao zilikiukwa, na akaamuru walipwe fidia. Kabla ya hapo, mwaka 1998, katika kesi iliyosikilizwa Mombasa, mahakama ilishasema maiti haiwezi kufanywa dhamana ya deni. Uamuzi huo una zaidi ya robo karne.

Sasa nenda ukawaulize waliofiwa. Tunajua mambo yanavyokwenda: kundi la WhatsApp linafunguliwa usiku huohuo, mweka hazina anachaguliwa, orodha ya michango inaanza kupanda kwa mia mbili mbili. Kesho yake wazee wawili na shangazi mmoja mwenye maneno wanaingia ofisi ya fedha ya hospitali. Karani hapandishi sauti. "Pole sana, mama. Lakini hii ni sera ya hospitali." Wazee wanatoa hatimiliki ya shamba. Karani anaigeuza, anauangalia mhuri wake, anauliza kama jina lililoandikwa ni la mtu aliye hai. Wakati huo ada ya mochari inahesabiwa kila siku, kwa hiyo kadiri maiti inavyozuiliwa ndivyo deni linavyonenepa. Nani alifanya hesabu hii akaona ina faida? Hospitali haiwezi kuiuza maiti wala kuitumia. Inachouza ni aibu ya watu walioweka hema nyumbani na kutangaza siku ya mazishi.

Tuliambiwa bima ya afya ingeyamaliza haya. NHIF ikaenda, SHA ikaja Oktoba 2024, na bado michango ya kutoa mgonjwa hospitalini inapita kwenye simu zetu kila wiki.

Haya, tugeuze upande wa pili, maana kuna siku sisi ndio tunaodai. Mwanakandarasi mdogo amejenga choo cha soko la kaunti. Choo kinatumika, gavana amekizindua na kukata utepe, malipo hayajaja. Anakwenda kortini, anashinda. Anadhani sasa atachukua hata kiti kimoja cha ofisini. Wapi! Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 40, kifungu cha 21, inazuia mali ya serikali kukamatwa kwa ajili ya deni, na kaunti nazo zimo. Atabaki na karatasi ya hukumu mkononi na kusubiri afisa atakayejisikia kulipa. Benki iliyomkopesha haikungoja mtu ajisikie. Madalali walishaondoka na lori lake.

Hatujakataa kulipa madeni. Wengi wetu tunalipa kidogo kidogo hadi kwa muuza maziwa, na tunayaandika daftarini. Tunachokataa ni mtindo huu wa kumshika mnyonge pale panapouma, huku mwenye nguvu akiwa amejitungia sheria ya kutoguswa.

Kwa leo tunamwambia mzazi ambaye cheti cha mwanawe bado kiko shuleni hivi: sheria ile ya Baraza la Mitihani ni Nambari 29 ya 2012, kifungu cha 10. Iandike kwenye barua yenye tarehe, nakala moja ya shule na nyingine ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, na shule iigonge mhuri nakala yako. Usiende peke yako, nendeni wazazi kadhaa pamoja na watoto wenyewe. Kubalini deni, andikeni mtalilipa vipi, lakini msiondoke bila vyeti.