Uso Wetu Si Adui wa Kamera

Mzee anapofariki dunia hapa Mwanza, kabla turubai halijafungwa uani na kabla wageni wa mbali hawajawasili, kijana mmoja wa nyumba hutumwa kutafuta picha ya marehemu ipate kukuzwa, kutiwa fremu na kuwekwa mbele ya waombolezaji. Na kwa kuwa wazee wetu wengi hawakupata kwenda studio kwa haja yao wenyewe, picha hiyo aghalabu hukatwa katika picha ya harusi ya mjukuu, iliyopigwa usiku ukumbini. Hapo ndipo hudhihirika hasara ambayo siku ya furaha hakuna aliyeihesabu: uso umepaushwa na flashi hata mikunjo iliyokuwa shahada ya umri wake imefutika, macho yamefumba nusu, na kivuli kizito kimegandamana na ukuta nyuma ya kichwa, au kinyume chake, mzee aliketi mstari wa nyuma, giza likammeza, pakabaki weupe wa kola na wa macho tu. Hiyo ndiyo sura watakayoirithi vitukuu.

Nasema waziwazi kwamba hasara hii haitokani na weusi wa ngozi yetu, kama wadhanivyo wengi na kama wapiga picha wengine wanavyojitetea, bali yatokana na mazoea ya kumrushia mtu mwanga usoni badala ya kumsogeza mtu mahali ulipo mwanga.

Dhana hiyo ya kuilaumu ngozi ina asili yake, na insafu yatutaka tuieleze. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, rangi za picha katika maabara zilisawazishwa kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, iliyoitwa kadi ya Shirley kwa jina la mfanyakazi wa kampuni ya Kodak ya Marekani. Rangi zikimkalia vema yeye, mtambo ulihesabiwa kuwa sawa, na mtu mweusi aliyeketi kando yake akatoka kama kivuli kisicho pua wala paji. Waliosaidia kuisukuma kampuni irekebishe filamu zake ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliolalamika kwamba aina za mbao na za chokoleti hazipambanuki pichani. Nyuso za watu hazikuwa zimetosha kuwa hoja. Lakini zama hizo zimekwisha, na kamera za leo, hata zile zilizomo katika simu, zina uwezo wa kuona weusi katika daraja zake zote, kuanzia wa maji ya kunde hadi ule mweusi ti. Udhuru wa filamu haupo tena; uliobaki ni wajibu wa mwenye kuishika kamera.

Wajibu wa kwanza ni kujua kwamba kamera haijui imtazamaye. Yenyewe hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake kina rangi ya kijivu cha wastani. Kwa hiyo ukimketisha bibi yako akalipa dirisha mgongo, kamera italitazama dirisha, itaona mwanga ni mwingi, itaupunguza, na bibi atatoka mweusi kama mkaa ilhali mti wa uani unaonekana jani kwa jani. Vivyo hivyo gauni jeupe la bibi harusi, likijaa katika picha, huifanya kamera iyatie giza yote, na nyuso za maharusi zikawa za kwanza kuzama. Dawa yake ni kuupima uso, si chumba: mwenye simu na aguse uso kwenye kioo cha simu yake, kisha aongeze mwanga kwa kidole mpaka paji la uso lionekane, asijali dirisha likipauka. Dirisha halina wajukuu watakaolitafuta.

Sisi wa kandokando ya ziwa hatukustahili kuwa wajinga wa mambo ya nuru, maana wamo miongoni mwetu mafundi wake wakubwa. Mvuvi wa dagaa, ambaye jana alitumia karabai na leo anatumia taa za umeme wa jua, hutoka usiku wa giza, huielekeza taa majini, na dagaa wakaja. Lakini mwezi ukiwa mpevu huzipumzisha nyavu zake, kwa kuwa anajua kwamba taa ile ile, yenye nguvu ile ile, haina amri tena mbele ya mbalamwezi. Amekwisha kutambua kwamba nguvu ya mwanga haimo katika wingi wake peke yake, bali katika tofauti iliyopo baina yake na kile kinachouzunguka. Mpiga picha anayewasha kila taa ya chumba kabla ya kupiga amepungukiwa na elimu hiyo, kwani anaifuta tofauti ambayo ingeuchora uso.

Atakaye kuliona hili kwa macho yake na aende Bujora, Kisesa, kwenye jumba la makumbusho ya Wasukuma lililoanzishwa na Padre David Clement, aingie katika nyumba ya msonge. Humo mlango ndio taa. Mtu aketiye hatua moja ndani ya kizingiti, ameugeuza uso wake kidogo kuuelekea mlango, huangazwa shavu moja kwa ukamilifu na la pili kwa upole, na nyuma yake giza la nyumba humtenga na kila kitu. Pua yapata umbo, jicho lapata cheche, na ngozi nyeusi, ambayo kwa tabia yake hung'aa pale nuru inapoigusa kwa ubavu, huonyesha uzuri ambao flashi ya mbele haiwezi kuuonyesha kamwe.

Nyumba zetu za Mabatini, Igogo na Bugarika, zilizopanda juu ya mawe zikabanana ukuta kwa ukuta, nazo zina milango na vidirisha vya kutosha kwa kazi hiyo. Jua letu kwa miezi mingi huchomoza baada ya saa kumi na mbili na nusu, na adhuhuri huwa juu ya paa, halina njia ya kuingia ndani. Basi wakati wa kumpiga mzee picha ni asubuhi hadi saa tatu, au alasiri kuanzia saa kumi. Mwale ukiingia mkali, tundika shuka jeupe dirishani. Upande wa pili wa uso ukizidi giza, mtu mmoja na ashike sinia linalong'aa, aurudishe mwanga. Na mkono usitikisike: egemea mlango, mwombe mzee atulie, maana gizani kamera hufumbua jicho lake kwa muda mrefu zaidi, na mtikisiko mdogo wa wakati huo huharibu picha kuliko chembechembe zozote zinazoletwa na giza.

Ukumbini mambo ni magumu zaidi, lakini hayakosi hila. Mwanga wa flashi hupungua kwa kasi kubwa kadiri unavyosafiri: aliye mita nne mbali hupata robo tu ya ule anaoupata aliye mita mbili. Ndiyo sababu katika picha za meza kuu walio mbele hupauka na wazee walio nyuma hupotea. Flashi hiyo hiyo ikielekezwa kwenye dari jeupe hurudi imetawanyika, ikawashukia wote kwa usawa zaidi. Bali dari likiwa limefunikwa vitambaa vya bluu au zambarau, rangi hiyo nayo itawashukia, na ni heri kuwatoa watu hadi penye taa nyeupe.

Najua jibu la wapiga picha. Husema kwamba ratiba ya mshereheshaji haingoji, na kwamba mteja mwenyewe ndiye atakaye kuonekana mweupe, tena akikuta uso wake haujasafishwa kwa programu hukataa kulipa. Hoja ya kwanza nina huruma nayo, ingawa dakika mbili za kumsogeza mzee zapatikana katika sherehe yoyote ya muda wa saa sita. Hoja ya pili siikubali. Fundi cherehani hamkatii mteja nguo isiyomkaa kwa kuwa mteja hajui vipimo, humshauri. Picha ni amana, na mwenye kumchubua mtu pichani amempokonya sura aliyopewa na Mola wake, akawaachia watoto wake mgeni.

Kwa hiyo nawasihi wenye kumbi za Mwanza waache walau pembe moja yenye taa nyeupe na ukuta mtupu kwa ajili ya picha za wazee; na wapiga picha wetu wazime flashi mara moja katika kila shughuli, watafute dirisha, wajifunze. Nawe msomaji, usiungoje msiba. Jumapili hii, jua lingali chini, mtolee babu au bibi yako kiti, mweke karibu na mlango, umgeuze kidogo kuuelekea mwanga, upime uso wake, upige.