Mali bila Daftari



Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Tumezoea kuisoma methali hii kama onyo kwa mfanyabiashara. Leo nakuomba uisome kama kinga ya mkopaji. Kumbuka: mkopaji ndiye achukuaye fedha, mkopeshaji ndiye azitoaye.

Hapa Uganda, wakopeshaji wa fedha wanasimamiwa kwa sheria ya mwaka 2016. Anayekopesha kwa riba sharti apate leseni ya mamlaka ya udhibiti iitwayo UMRA, aweke kumbukumbu za mikopo yake, na atoe taarifa kwa mamlaka hiyo. Wapo wanaolalamika kwamba kazi hiyo ya kuandika ni mzigo kwa mwenye biashara ndogo. Sikubaliani nao. Awezaye kukokotoa riba hadi shilingi ya mwisho hawezi kushindwa kuiandika.

Tazama hesabu hii. Mwaka 2024 serikali iliweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji hao: asilimia 2.8 kwa mwezi. Aliyekopa shilingi 1,000,000 hapaswi kutozwa riba zaidi ya shilingi 28,000 kwa mwezi huo. Akitozwa asilimia 10, atalipa 100,000. Je, hizo 72,000 za ziada zitathibitishwaje ikiwa hapakuandikwa kiasi, tarehe, riba wala malipo? Litabaki neno la huyu dhidi ya neno la yule, na aliyeshika dhamana ndiye mwenye nguvu.

Liko jambo baya zaidi, nalo ni maandishi ya uongo. Wapo wakopaji waliotiwa saini mkataba wa kuuza kiwanja, ilhali walichokwenda kutafuta ni mkopo tu. Siku ya kulipa ilipopita, ardhi ya familia ikaenda.

Kwa hiyo nasema, taarifa za mkopeshaji kwa mamlaka ni za lazima, lakini hazitoshi. Mkaguzi husoma kilichoandikwa. Malipo yasiyoandikwa anayajua mlipaji. Naona ingefaa kila mkopaji apewe nakala ya hesabu yake kila mwezi, bila kuiomba. Hapo daftari litakuwa na wakaguzi wawili.

Nawe una wajibu wako. Watu wengi huficha madeni kwa aibu, wakaenda kukopa peke yao na kutia saini wasichokielewa. Mzazi au jirani akitaka kukopa, mwombe mfuatane. Ulizeni leseni. Someni mkataba wote kabla ya saini, wala msitie saini karatasi yenye nafasi tupu. Kila malipo yatolewe stakabadhi, nayo itunzwe mpaka deni liishe, na hata baada ya hapo.

Nyumbani kwenu, stakabadhi huwekwa wapi? Leo jioni, uliza.