Bahari tumeigeuzia mgongo

Wiki mbili zilizopita nilimchukua mpwa wangu, mtoto wa dada, twende kuona bahari. Ana miaka 11 na alikuwa amekuja likizo kutoka Dodoma. Nilimwambia avae kaptula, nikabeba taulo, chupa ya maji na machungwa, tukapanda daladala hadi Mtongani. Hapo tukachukua bajaji kwenda Kunduchi. Mimi nilijitia mwenyeji. Nilikuwa nakumbuka kichochoro kimoja ambacho miaka ya nyuma tulikuwa tunapita bure kabisa hadi mchangani.

Kichochoro hakipo. Pana ukuta, na mwisho wa ukuta pana geti, na getini pana mlinzi.

"Kaka, ufukwe huu ni wa hoteli. Kuingia mnalipia."

Nikamuuliza, na maji nayo ni ya hoteli? Akacheka, akasema yeye ameajiriwa tu. Sikumlaumu. Lakini mpwa wangu akanivuta shati na kuniuliza swali lililonifanya nikae chini leo niandike haya: "Anko, kwani bahari ina mwenyewe?"

Ndugu msomaji, kabla hujanionea huruma, niseme na dhambi yangu. Mimi ni mtoto wa Temeke. Nimesoma Mlimani miaka mitatu, kilometa chache tu kutoka Msasani. Katika miaka yote hiyo sikuwahi hata mara moja kwenda kisiwa cha Bongoyo. Niliwaza ni mambo ya Wazungu. Kuogelea nimejifunza baada ya kuhitimu, tena kwa kudhihakiwa na watoto. Kwa hiyo ninaposema tumeigeuzia bahari mgongo, najianza mimi.

Hebu tuhesabu kwanza tunachokipa mgongo.

Mbele ya Dar es Salaam, upande wa kaskazini, kuna Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini. Visiwa hivi vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975, na leo vinasimamiwa na Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Hakuna hoteli juu yake. Bongoyo unakwenda kwa boti kutoka Slipway pale Msasani, kama nusu saa hivi. Ukishuka utakuta mchanga mweupe, vibanda vya makuti, samaki wa kukaanga na chipsi. Wengi wanaishia hapo. Mimi nakushauri ufuate vijia vinavyokatiza msituni, uone mibuyu, na utokee upande wa pili ambako mawimbi yanapiga mwamba. Huko usiogelee, tazama tu.

Mbudya unaivukia kutoka Kunduchi na fukwe za jirani. Maji ya upande unaotazama bara ni matulivu, na watu wanakodisha miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia. Fungu Yasini, kama jina linavyosema, ni fungu la mchanga tu. Pangavini ni jiwe la matumbawe lililoliwa na maji chini, kutia nanga pale ni kazi.

Ukipanda basi la Bagamoyo, kama kilometa 70 kutoka mjini, mambo yanabadilika. Maji ya ufukweni Bagamoyo si ya kijani kama ya kwenye picha, kwa sababu Mto Ruvu unamwaga tope lake kaskazini mwa mji. Ukitaka kuona samaki lazima utoke kwa mashua uende kwenye mafungu ya mchanga, kama Mwambakuni, wakati maji yanapokupwa. Lakini Bagamoyo ina njia ya kutembea ambayo sijaona mfano wake: unatoka Mji Mkongwe, unaelekea kusini kama kilometa 5 hadi magofu ya Kaole, penye misikiti ya kale, makaburi, mibuyu na mikoko. Nenda na mwenyeji au na kundi, usiende peke yako na simu mkononi. Ukizidi kupanda kaskazini uko Saadani, iliyopewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Pale tembo na twiga wako hatua chache kutoka bahari ya Hindi, na kasa wa kijani wanakuja kutaga mchangani.

Msimu pia una maana. Kaskazi ikitulia, Januari hadi mwanzoni mwa Machi, maji ni maangavu. Masika mito inaleta udongo. Kusi ikipiga katikati ya mwaka, bahari inachafuka na boti zinayumba.

Sasa nirudi Kunduchi. Tulizunguka hadi pale wavuvi wanaposhushia samaki, tukapata boti ya abiria yenye maboya, tukavuka Mbudya. Nilimvalisha mpwa wangu miwani na boya, nikamshika mkono, akainamisha uso majini. Kwanza aliogopa. Mara ya pili alikaa sekunde kama 10. Mara ya tatu hakutaka kuinuka. Alipoinuka alikuwa anapiga kelele: "Anko! Kuna mji huku chini!"

Alikuwa ameona matumbawe. Alikuwa ameona pono wakitafuna mwamba, na samaki wadogo wenye mistari, na kiti cha pweza chekundu juu ya mchanga. Mtoto ambaye samaki anamjua akiwa ndani ya sufuria, siku hiyo alimwona nyumbani kwake.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Watanzania hatuwezi kutetea kitu ambacho hatujawahi kukiona.

Wakati wa kurudi nilikaa karibu na mzee mmoja mvuvi. Nilimpa shikamoo, tukaongea. Nikamuuliza habari ya mabomu. Akasema, "Mwanangu, miaka ile ukikaa hapa asubuhi unasikia buu, buu, mpaka unazoea. Mtu hakati hata stori yake."

Maneno ya mzee yana takwimu nyuma yake. Mwaka 2015, Machi na Aprili, watafiti walipita na vinasa sauti vya majini katika pwani yote ya Tanzania. Katika siku 31 walithibitisha milipuko 318, na asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilometa 80 kutoka Dar es Salaam. Soma tena: kutoka Dar es Salaam! Si kwenye kijiji cha mbali kisicho na polisi. Ni mlangoni pa jiji lenye wizara, magazeti na sisi waandishi. Baruti huvunja mwamba uliochukua miaka mingi kukua, huua wakubwa na vifaranga pamoja, na samaki wengi huzama bila hata kuokotwa. Haya yote yalitokea baada ya matumbawe kuumia kwa joto la bahari mwaka 1998. Na uvuvi huo ulikuwa umepigwa marufuku siku nyingi, Sheria ya Uvuvi ya 2003 nayo inaukataza.

Tangu 2016 serikali ilikaza kamba na milipuko ikapungua sana. Nasema hongera, pale pa kusifu tusifu. Lakini jiulize kwa nini ilichukua miaka yote ile. Ingekuwa kila wiki mtu analipua mabomu Mlima Kilimanjaro tungeandamana, maana mlima tunauona, uko hadi kwenye chupa za bia. Mwamba wa Mbudya ulipolipuliwa nani alilia? Wavuvi waadilifu na wageni wachache.

Nirudi kwenye ukuta sasa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mita 60! Tembea kutoka Msasani hadi Bahari Beach ukahesabu kuta, mabaa na majumba yaliyoiacha nafasi hiyo. Na hata palipoachwa mita, njia ya kufika kwenye mita hizo imefungwa. Ufukwe usio na njia ya kuufikia ni sawa na kisima kilichofunikwa.

Najua nitajibiwa. Mwenye hoteli atasema yeye analipa kodi, ameajiri vijana, na akifungua geti wataingia vibaka. Atasema pia sisi wenyewe ni wachafu. Hapo sitabishana naye. Nenda Coco Beach Jumatatu alfajiri uone tulichoacha Jumapili: chupa, mifupa ya mishikaki, pampasi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, tabia haijapigwa marufuku. Na kuna la kuumiza zaidi. Sikukuu zikifika, watoto wetu wanazama. Mimi mwenyewe nimeziandika habari hizo gazetini, mistari minne, jina, umri, mtaa, kwisha. Mtoto wa mjini wa pwani anakufa maji kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha kuelea.

Lakini dawa ya hayo si ukuta. Mombasa wana ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta, katikati ya hoteli za watalii, na hoteli hazijafa. Mimi napendekeza mambo matatu, wala hayahitaji mfadhili.

Kwanza, halmashauri za Kinondoni na Bagamoyo zipime njia za umma za kwenda baharini, ziziwekee mawe ya mipaka na vibao, na atakayejenga juu yake abomolewe kama anavyobomolewa mama lishe. Pili, palipo na njia pawe na choo, pipa la taka na mwangalizi wa waogeleaji. Tatu, kila shule ya msingi ya Dar es Salaam na Bagamoyo ipeleke darasa la 5 Mbudya au Bongoyo angalau siku moja, na kabla ya siku hiyo wafundishwe kuogelea. Tunawapeleka watoto Mikumi kuona simba. Pono yuko karibu zaidi.

Anayedhani naongeza chumvi aulize habari za Maziwe, kisiwa kilicho mbele ya Pangani. Nacho kilitangazwa eneo tengefu mwaka 1975, kwa ajili ya kasa waliokuwa wakitaga pale. Kilikuwa na mivinje. Mivinje ikakatwa, mchanga ukachukuliwa na mawimbi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 kisiwa kikawa fungu linaloonekana maji yakipwa tu. Kasa wanaokuja kutaga bado wanapanda pale pale, na mayai yao inabidi yahamishiwe Ushongo, bara, yasifunikwe na maji. Kilikuwa kimeandikwa kwenye karatasi za serikali kwamba kinalindwa.

Mpwa wangu amesharudi Dodoma. Juzi dada kanipigia simu, analalamika kwamba mtoto anainamisha uso kwenye beseni la kuogea huku amefumbua macho. Nimemwambia amwache.

Swali lake la pale getini bado sijamjibu. Wenye majibu wako halmashauri. Naomba kutoa hoja.