Rangi ni ya Gari, Si ya Kifua

Siku hizi gereji haziko mjini tu. Ziko pia vijijini, kando ya barabara kuu. Vijana wetu wananyoosha bodi za magari, wanapiga msasa, wanapaka rangi. Hiyo ni kazi ya halali, nao wanakula jasho lao. Lakini kazi hii ina ukungu wa rangi. Ukungu huo unaingia kifuani mwa fundi, na pia kifuani mwa jirani yake.

Mimi ni mganga msaidizi wa zahanati, si fundi. Kwa nini basi niandike habari za bomba la kupulizia rangi? Kwa sababu bomba lililorekebishwa vibaya huharibu vitu viwili: gari na kifua. Lililorekebishwa vizuri huokoa vyote viwili. Maoni yangu ni haya: kurekebisha bomba ni jambo la afya, kama vile kuchemsha maji ya kunywa.

Bomba hili lilianza kwa mganga. Daktari Allen DeVilbiss wa mji wa Toledo, Marekani, alikuwa akitibu koo za watu. Katika miaka ya 1880 alitengeneza chombo kidogo cha kupuliza dawa kooni. Mwaka 1907 mwanawe, Thomas, alikigeuza chombo cha namna hiyo kikapuliza rangi. Kwa hiyo, chombo kilichozaliwa ili kutibu koo, leo kinaweza kuliumiza koo. Ubaya hauko katika chombo. Uko katika namna tunavyokitumia.

Tuangalie sasa jinsi kinavyofanya kazi. Upepo kutoka kwenye kompresa unaipasua rangi kuwa matone madogo sana. Matone mengine yanashika bati la gari. Mengine yanagonga bati na kurudi, au yanapita pembeni. Hayo ndiyo ukungu. Upepo ukizidi, ukungu unazidi. Bomba la zamani la presha kubwa linaweza kupoteza zaidi ya nusu ya rangi hewani. Fundi ameinunua rangi hiyo kwa fedha, kisha anaivuta bure.

Rangi ya kwanza, ambayo mafundi huiita praima, ni nzito kuliko rangi ya juu. Ndiyo inayoshika bati na kuficha mikwaruzo ya msasa. Kwa sababu ni nzito, inataka bomba lenye tundu kubwa kidogo, la milimita 1.6 hadi 1.8. Tundu la milimita 1.3 ni la rangi ya juu. Fundi akilitumia kwa praima, rangi haitoki vizuri. Hapo atafanya moja kati ya mawili: ataongeza thina kupita kiasi, au ataongeza upepo. Thina ikizidi, mvuke unazidi. Upepo ukizidi, ukungu unazidi. Mnaona jinsi kosa dogo la tundu linavyofika kifuani.

Haya ndiyo mambo ya kufanya kabla ya kulipulizia gari:

1. Changanya praima na thina kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Usikisie. Chuja rangi ili uchafu usizibe tundu.

2. Soma maelezo ya bomba lako. Mabomba mengi ya presha ndogo hutaka paundi 25 hadi 30 kwa kila inchi ya mraba pale upepo unapoingia. Pima presha huku umebonyeza kitufe.

3. Jaribu kwanza kwenye boksi au karatasi kubwa. Puliza mara moja, kisha tazama alama.

4. Alama nzuri ni ndefu kama yai lililovutwa, na rangi imeenea sawasawa. Rangi ikijaa katikati tu, praima ni nzito au upepo ni mdogo. Ikijaa kwenye ncha na kupungua katikati, upepo ni mwingi au rangi inayotoka ni kidogo. Alama ikipinda kama ndizi, kitundu cha upepo kimeziba. Kisafishe kwa brashi laini na thina. Usitumie msumari wala waya, kwa maana utalipanua tundu.

5. Shika bomba umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati. Nenda sambamba na bati. Usiyumbishe mkono kama mtu anayefagia. Kila mstari ufunike nusu ya mstari uliotangulia.

Ukisimama mbali, rangi hukauka hewani na kufika kwenye bati kama vumbi. Gari linakwaruza mkono. Ukisimama karibu mno, rangi inachuruzika. Katika hali zote mbili utapiga msasa upya na kupuliza upya. Maana yake ni vumbi mara mbili, ukungu mara mbili na gharama mara mbili. Fundi anayefanya vizuri mara ya kwanza huvuta sumu kidogo zaidi.

Sasa tuje kwenye maziwa. Mafundi wengi huamini kwamba ukinywa maziwa baada ya kupuliza rangi, kifua kinasafishika. Ndugu zangu, hilo si kweli. Maziwa huenda tumboni. Ukungu wa rangi huenda kwenye mapafu. Ni njia mbili tofauti. Maziwa ni chakula kizuri, kunyweni. Lakini hayafiki kwenye mapafu na hayawezi kuyaosha.

Wengine hufunga kitambaa puani. Kitambaa huzuia matone makubwa na vumbi kidogo. Hakizuii mvuke wa thina. Kinachofaa ni kinyago chenye vichujio vya mkaa maalumu, kinachobana uso vizuri. Vichujio hubadilishwa. Ukisikia harufu ya thina ukiwa umevaa kinyago, ama vichujio vimekwisha nguvu au kinyago hakijakaa sawa.

Kuna praima nyingine huchanganywa na dawa ya kukausha iliyo katika kopo la pili. Nyingi ya dawa hizo zina sumu iitwayo aisosayaneti. Sumu hii inaweza kumletea mtu pumu ambayo hakuwa nayo. Mtu akishaipata pumu hiyo, hata kiasi kidogo cha sumu humbana kifua. Kwa rangi hizo, kinyago kinachofaa zaidi ni kile kinacholetewa hewa safi kwa mpira. Mahali pasipo na kinyago hicho, ni afadhali kutumia praima isiyo na dawa hiyo. Gari linaweza kungoja. Kifua hakina spea.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliitaja kazi ya upakaji rangi mwaka 1989 kuwa ni miongoni mwa kazi zinazoleta saratani. Sisemi hivyo ili vijana waikimbie kazi. Nasema ili waifanye kwa kinga.

Wapo wanakijiji wanaosema gereji zifukuzwe. Mimi sikubaliani nao. Kijana akifukuzwa, atakwenda kupuliza rangi uani kwa mama yake, karibu na watoto. Hapo tumehamisha ugonjwa, hatukuuondoa. Jambo la busara ni serikali ya kijiji kukaa pamoja na mafundi, ipange mahali pa kupulizia. Pawe wazi, upepo upite, pawe mbali na shule, kisima na majiko ya mama lishe. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, ukafika kwenye jiko, moto ukalipuka.

Na nani anunue kinyago? Nasema ni mwenye gereji. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kinga. Pakiti ya maziwa si kifaa cha kinga. Tajiri anayenunua maziwa kila siku, aweke akiba ya fedha hizo anunue kinyago.

Kuna mambo mengine machache ya kukumbuka. Usinawe mikono kwa thina wala petroli, tumia sabuni na maji. Usinyonye thina kwa mdomo kwa kutumia mpira. Usiiweke kwenye chupa ya soda, maana mtoto ataidhania soda. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mpeleke zahanati upesi, pamoja na chupa hiyo. Rangi ya zamani ipigwe msasa kwa maji, kwa sababu huenda ina madini ya risasi. Vumbi lake huharibu ubongo wa watoto. Badili nguo za kazi kabla ya kumbeba mwanao.

Nawe fundi, ukikohoa siku za kazi na kupata nafuu siku za mapumziko, ukibanwa kifua usiku, au ukiumwa kichwa na kuona kizunguzungu kila unapopuliza, usingoje. Njoo zahanati, ueleze kazi unayofanya. Mganga asipoijua kazi yako, anaweza kukupa dawa ya kikohozi tu, nawe ukarudi kwenye ukungu ule ule.

Mwaka 1973 wazee wetu walikusanyika kwenye vikundi, wakasikiliza redio na kujifunza kwamba Mtu ni Afya. Hawakuishia kusikiliza. Walichimba vyoo na kufyeka vichaka. Sisi nasi tusiishie kusoma.

Jadilini katika darasa lenu la kisomo:

1. Gereji ya kijijini kwetu iko wapi? Ukungu wake unaelekea kwa nani?
2. Kwa nini maziwa hayawezi kusafisha mapafu?
3. Tufanye nini mwezi huu ili mafundi wetu wapate kinyago na mahali pa kufanyia kazi?